Ukumbi ukimshangilia Majoka, muulize mwelekezi

KAMA ulisoma sekondari miaka ile Kigogo ilikuwa kitabu cha lazima, basi kuna siku matatu ngeni ilipaki karibu na jikoni la shule, watu wanane wakashuka na mabegi ya maleba, na baada ya githeri ya mchana mkabeba viti kuelekea ukumbini. Ulilipa pesa kidogo mlangoni au shule ikakukata kimyakimya kwenye karo. Na hata kama umesahau maudhui yote uliyokariri kwa ajili ya KCSE, kuna onyesho moja bado unalikumbuka: Ashua ofisini kwa Majoka.

Nikukumbushe tu haraka. Watoto wa Ashua hawajala. Soko la Chapakazi limefungwa, na mumewe Sudi, mchongaji, amekataa kazi ya kuchonga ya serikali kwa sababu haamini wale mashujaa anaoambiwa awachonge. Kwa hivyo Ashua anaenda kuomba msaada kwa kiongozi wa Sagamoyo, mtu ambaye aliwahi kumtaka. Majoka analijua hilo. Ashua pia analijua. Ukilisoma kwenye karatasi, katika tamthilia hii ya Pauline Kea, tumbo linakukaza.

Sasa lipeleke kwenye shule ya wavulana. Majoka akimsogelea Ashua hatua moja, ukumbi unalipuka kama Gor imefunga. Miluzi, viti vinapigwa, mtu wa nyuma kabisa anapaza sauti kumshauri mzee asilaze damu. Shule baada ya shule. Nimezunguka na kundi moja la setibuku nikiigiza Boza, na siku ambazo msee wa kuigiza Chopi alikuwa ameachwa na gari, nikawa Boza na Chopi pia. Nikiwa nyuma ya pazia (mara nyingi pazia ni leso mbili zilizofungwa kwa kamba) nilikuwa najua tumefika wapi kwenye skripti kwa kusikiliza kelele tu.

Na ukweli usemwe, kelele zile ndizo mshahara wetu. Mwalimu wa Kiswahili akiona wanafunzi wamechangamka, mwaka ujao atapiga simu tena. Wakinyamaza, anadhani wamechoka.

Lakini kelele zile zilikuwa zinanikera, na si kwa sababu nawaona wavulana wale kuwa wabaya. Hebu fikiria tulichokuwa tunawaonyesha. Majoka amesimama katikati na mbele. Kitambi cha mto wa kulalia, fimbo mkononi, sauti ya mwanasiasa fulani mnayemjua wote. Ashua yuko pembeni, kichwa chini, analia tangu mstari wa kwanza. Kila kitu jukwaani kinamwambia kijana wa Kidato cha Tatu: mtazame mzee huyu, yeye ndiye burudani ya leo. Kijana akatii. Unamlaumu kwa lipi?

Jukwaani hakuna kitu kinachojipanga chenyewe. Nani anasimama wapi, nani anaupa ukumbi mgongo, nani anakaa na nani anaachwa amesimama, hayo yote yaliamuliwa na mtu wakati wa mazoezi. Mtu huyo ndiye mwelekezi, au dairekta kama tunavyomwita mtaani. Na kama hakuamua, mazoea yaliamua kwa niaba yake.

Mazoea yenyewe tumeyatoa wapi? Wengi wetu tulianzia kwenye tamasha za drama za shule. Nazipenda hadi leo, sitaki mtu aniandikie barua. Zimewapa Wakenya wengi jukwaa lao la kwanza, na kuna walimu wanaolala saa nane usiku wakishona maleba kwa pesa zao. Ila ukijifunza sanaa kwenye mashindano unajifunza pia tabia za mashindano. Unaigiza ukimtazama jaji. Unafungua mdomo hadi koromeo lionekane. Mkono ukitaja mlima lazima uchore mlima. Na mwalimu, kwa kuwa zimebaki siku nne na basi limeshalipiwa, anakuelekeza kwa njia moja tu: "Sema hivi." Anasema, unamwiga. Unafika fainali ukiwa nakala nzuri ya mwalimu wako.

Ukitoka hapo ukaingia kwenye makundi ya setibuku, mambo yanaenda kasi zaidi. Skripti haikatwi, kwa sababu mtihani unaweza kuuliza popote. Waigizaji wanabeba wahusika watatu kila mmoja. Mazoezi yenyewe ni siku chache, kisha ni barabara: mnaamka alfajiri, shule mbili au tatu kwa siku, chakula ni mandazi kwenye mathree. Hapo hakuna wakati wa kumuuliza mtu Ashua anataka nini.

Swali hilo nililikuta chuoni. Mrusi Konstantin Stanislavsky, aliyeishi kati ya 1863 na 1938, alitumia maisha yake akiwasumbua waigizaji kwa maswali ya aina hiyo: mhusika huyu anataka nini sasa hivi, na nini kinamzuia? Darasani tulilipokea kama vile unavyopokea fomyula ya hesabu, tukaandika daftarini, tukaenda lunch. Likaja kunishika nilipopewa zoezi la muhula: chagua onyesho la dakika kumi, tafuta waigizaji, lielekeze. Nikachagua ofisi ya Majoka. Wenzangu wakacheka. Walikuwa wamechagua Shakespeare, mimi nimeleta setibuku.

Mazoezi ya kwanza tulikaa tu. Sakafuni, skripti mikononi, hakuna kusimama, hakuna kuigiza. Yule jamaa wa kumwigiza Majoka alikuwa amekuja na fimbo yake tayari, ikabidi aiweke kando. Dada aliyemwigiza Ashua (nitamwita hivyo hivyo, Ashua) alisoma mistari yake huku sauti ikitetemeka kuanzia salamu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kuonewa huruma. Sawa, lakini huruma haipikwi. Anataka nini hasa? Akafikiri. Akasema anataka kutoka ofisini humo na kitu mkononi kabla watoto hawajalala.

Kila kitu kilibadilika hapo. Mtu anayetaka kutoka na kitu mkononi haanzi kwa kulia. Kama umewahi kwenda kuomba pesa kwa mjomba unajua. Unafika umenyoosha nguo, unauliza hali ya nyumbani, unacheka mzaha wake usiochekesha, unapima hewa. Machozi unayaweka mbali kabisa, kwa sababu ukilia mapema umemwonyesha bei yako. Ashua akaanza kuingia ofisini akiwa amenyooka, akitabasamu kidogo, akihesabu. Alipoacha kulia nilianza kumwogopea. Na machozi yake, yalipokuja mwishoni, yalikuwa mawili matatu tu, na alijaribu kuyaficha.

Majoka alitupa kazi kubwa zaidi. Jamaa ni mchekeshaji wa kuzaliwa, na kumwambia mchekeshaji aache kuchekesha ni kama kumwambia kondakta asiitane. Sikumwambia aache. Nilimwomba jambo dogo: aseme kila kitu kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala karibu. Chini. Polepole. Mtu mwenye nguvu kweli hana haja ya kupiga kelele, ana askari wa kumpigia. Jaribio la kwanza alilalamika kwamba hasikiki. La tatu, chumba kizima kilikuwa kimeinama mbele kumsikiliza, na hakuna aliyecheka.

Kisha kiti. Ofisi ya darasani ina meza moja na viti viwili, na kwa siku mbili tulikuwa tunavitumia vyote viwili bila kufikiri. Siku ya tatu nikaondoa kimoja. Sasa Ashua ameingia kwenye ofisi ya mkubwa na hakuna pa kukaa. Afanye nini? Asimame kama mwanafunzi aliyeitwa na deputi? Majoka akainuka, kwa ukarimu mkubwa, akampa kiti chake yeye mwenyewe. Hatukuwa tumelipanga, alilibuni papo hapo. Na Ashua alipokaa tu, wote tukaona: sasa mzee yuko nyuma yake, amesimama, na yeye haoni mikono yake iko wapi. Tukaliacha hivyo hivyo.

Kiti tukakigeuza kikawatazama watazamaji. Kwa hivyo Majoka akimsogelea, ukumbi unaona kwanza uso wa Ashua. Yeye mwenyewe Majoka ni kiwiliwili tu nyuma, nusu ya uso wake haionekani. Mkono ukishuka begani, unauona unakuja kabla Ashua hajauona. Ile hamu ya kumshangilia mzee inakosa pa kushika, kwa sababu macho yako yako kwingine.

Kuhusu mkono huo, tulikubaliana kwa maneno kabla ya kuugusa bega lolote. Bega la kushoto, nje ya nguo, vidole havisogei, unahesabiwa tatu, unatoka. Ashua akisema leo hapana, ni hapana, na Majoka anaushusha kwenye mgongo wa kiti badala yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mazoezi ni mahali ambapo mtu anaweza kukushika na kusema ni sanaa. Kila dada ninayemjua katika fani hii ana hadithi ya mwelekezi aliyerudia onyesho la kukumbatiana mara kumi na mbili, au aliyemwita mazoezi ya ziada saa tatu usiku, yeye peke yake. Ukiwa mgeni unaogopa kuuliza, usije ukaonekana hujui kazi. Uliza. Mwelekezi mwenye nia njema hakosi jibu la mkono utaanzia wapi na kuishia wapi. Na itakuwaje tuigize onyesho la mtu anayetumia cheo kumbana mwanamke, huku mazoezi yenyewe yakiendeshwa vivyo hivyo?

Siku moja, kwa uchovu, tukabadilishana. Ashua akawa Majoka, jamaa akaketi kwenye kile kiti. Kila mmoja alikuwa ameshika mistari ya mwenzake bila kujua. Alipowekewa mkono begani alisimama ghafla, akatembea hadi dirishani, akasema aanze tena. Hakueleza na hatukumuuliza. Lakini kuanzia hapo Majoka wake alikuwa mtu tofauti, mpole zaidi na wa kuogofya zaidi.

Ukitaka kujua mazoezi yana uzito gani katika nchi hii, nenda Limuru ya 1977. Huko Kamĩrĩĩthũ, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ haikufanyiwa mazoezi nyuma ya mlango. Mwelekezi Kĩmani Gecaũ alifanya kazi hadharani, na wanakijiji, wakiwemo wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba, walikuja kutazama na kusahihisha. Mzee hasemi hivyo. Mfanyakazi hasimami hivyo mbele ya mwajiri. Walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Maonyesho yakaanza Oktoba, Novemba serikali ikafuta kibali, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima.

Mwaka wa 1982 kikundi hicho kilirudi na igizo lingine, Maitũ Njugĩra, wakanuia kuliigiza Kenya National Theatre. Wakafungiwa nje. Basi mazoezi yao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pale pale jirani, yakajaa maelfu ya watu, hadi nayo yakasimamishwa. Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Igizo lile halikupata siku ya ufunguzi. Waliloliona watu ni mazoezi, na hilo lilitosha kuitisha serikali.

Na usidhani ni historia ya babu. Aprili 2025, Butere Girls walifika Nakuru na Echoes of War ya Cleophas Malala baada ya korti kuruhusu igizo lao liendelee. Malala akakamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Asubuhi wasichana wakapanda jukwaani bila yeye, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Nje kulikuwa na vitoza machozi. Nimekaa na picha ile kichwani kwa muda mrefu kama mtu wa jukwaa. Mlango wa kutokea ni sehemu ya jukwaa, na wasichana wale waliutumia vizuri kuliko wengi wetu tulio na miaka kumi kwenye fani.

Turudi kwa Ashua wetu. Zoezi lilipata alama nzuri, lakini alama hazikuwa shida yangu. Nilitaka kuwasikia wavulana. Jamaa wa kundi nililozunguka nalo walikubali kulijaribu toleo letu kwenye shule moja ya wavulana Murang'a, mradi tusirefushe muda. Siku hiyo nilikaa kati ya wanafunzi, karibu na nyuma, mahali pa wale washauri wa mzee.

Ashua alipoingia akitabasamu, kelele zilikuwepo, za kawaida za kuona msichana shuleni. Majoka akaanza kunong'ona na zikapungua, kwa sababu walitaka kusikia. Akampa kiti. Akazunguka nyuma. Kijana mmoja akapiga mluzi, ukasikika mpweke, na mwenzake akamwambia "nyamaza, wewe". Mkono ulipokuwa unashuka, mvulana aliyekaa kando yangu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga kelele. Kimya kile kilidumu labda sekunde saba, na mwalimu wa Kiswahili aligeuka kuangalia nyuma akidhani kuna kitu kimeharibika.

Kisha Husda akaingia, wanawake wakashikana nywele, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Vile vile kama zamani.

Hilo sijalitatua. Mke wa Majoka anaingia, anamkuta Ashua na mumewe, anamrukia Ashua. Dakika moja nyuma watazamaji walikuwa upande wa mwanamke aliyebanwa, sasa wanacheka wanawake wawili wakipigana kwa sababu ya mwanamume aliyesimama pembeni akitazama saa. Kwenye karatasi ni onyesho la kusikitisha kweli. Jukwaani linageuka mieleka. Tumejaribu kulipunguza kasi, likawa mieleka ya polepole. Tumejaribu bila kugusana, ikawa kama densi. Rafiki yangu mmoja anasema tatizo liko kwa watazamaji, wamezoea video za wanawake wakipigana mtandaoni, tuachane nalo. Mimi naona jibu hilo ni rahisi mno, ni lile lile tulilokuwa tunalitumia kumtetea Majoka wa kitambi cha mto.

Chuoni sipo tena. Karo ilinishinda muhula uliofuata, na sitawachosha na hadithi hiyo, kila mtu ana yake. Lakini bado tunakutana, watu watano au sita, Jumamosi mchana. Tukipata pesa tunakodi ukumbi wa kijamii kwa saa mbili, tukikosa tunakwenda chini ya miti, ambapo Majoka lazima ashindane na honi za mathree na jamaa wa karanga anayependa kusimama katikati ya onyesho. Huyo wa karanga ni mtazamaji mzuri, kwa njia. Akiondoka kabla ya mwisho tunajua kuna mahali tumelegea. Makundi sasa yanazunguka na Bembea ya Maisha, na tumeanza kusoma lile vuta nikuvute la Neema na Bunju kuhusu Sara, lakini kila tukimaliza mtu anaomba turudie Kigogo.

Wiki iliyopita dada anayemwigiza Husda alikuja na wazo. Anasema tumekuwa tukimwingiza kama risasi, mlango unafunguka na tayari ameshamshika Ashua. Anataka aingie polepole. Amwone Ashua kwenye kiti cha mumewe. Asimtazame tena. Amtazame mume, amtazame hadi mzee ashushe macho, na akishayashusha ndipo amgeukie Ashua, kwa kuwa huyo ndiye pekee anayeweza kumpiga katika nyumba ile.

Tunaijaribu Jumamosi, saa nane, kama mwenye funguo za ukumbi atakuja.